Dada Aliyefika Mwaka Mmoja Mapema

Hotuba ya mwalimu mstaafu mwishoni mwa mdahalo wa wanafunzi, mjini Busia, Uganda

Mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), walimu wenzangu, akina mama na akina baba mliofunga vibanda siku ya biashara ili mje kukaa hapa, nanyi wanangu mliosimama mbele yetu tangu asubuhi na kusema bila kutetemeka: hamjambo.

Nimeombwa nifunge mdahalo. Hoja iliyoandikwa ubaoni ni hii: juhudi ya mwanafunzi ina uzito kuliko nafasi sawa katika kufaulu masomo. Karatasi ya alama ninayo mkononi, na nitamkabidhi mwalimu wa zamu nikimaliza. Ila kabla ya alama nataka mjue mimi mwenyewe nasimama wapi. Nilianza kufundisha mwaka 1991, nikastaafu 2022, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa na darasa la saba. Swali hili nililiona likiingia mlangoni mwangu kila asubuhi, limechelewa, na vumbi miguuni.

Nasema Kiswahili kwa sababu tuko Busia. Hapa yuko Msamia, yuko Mteso, yuko Mganda, yuko Mjaluo, na nje pale kuna dereva wa lori aliyetoka Mombasa anasubiri karatasi zake. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima mashuleni, na nilifurahi mno. Soko letu lilikuwa limekipitisha zamani, enzi za wazee wetu waliobeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha mpaka cha upande huu hadi kile cha Kenya, wakipaza sauti "boda, boda" mpaka jina likaenea dunia nzima.

Nianze na kijana aliyefungua upande wa kuunga mkono. Alituletea Mzee Kimani Maruge wa ng'ambo hapo, Kenya. Mzee aliyezaliwa karibu mwaka 1920, akapigana Mau Mau, na Januari 2004, akiwa na miaka 84, akavaa kaptula na soksi ndefu za shule akaingia darasa la kwanza huko Eldoret. Ukumbi ulipiga makofi. Nami nilipiga, maana mzee yule anastahili.

Lakini mwanangu, hebu tuhesabu pamoja. Mzee Maruge hakuanza kuwa mtu wa juhudi mwaka 2004. Mtu aliyepigana vita ya msituni ana moyo mgumu tangu ujana wake. Alikaa na moyo huohuo zaidi ya miaka arobaini baada ya vita, na katika miaka hiyo yote juhudi yake haikumfikisha kwenye dawati. Kwa nini akaingia 2004? Kwa sababu Januari 2003 serikali ya Kenya iliondoa ada katika shule za msingi. Mlango ulipofunguliwa, mzee akaingia. Na mwaka 2005 alipopelekwa New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, alikwenda kuitetea elimu ya msingi isiyolipiwa. Huyu ndiye shahidi mliyemwita kwa upande wa juhudi. Mimi nilimsikia akitoa ushahidi kwa upande wa pili.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1996 shule zetu za msingi nchi nzima zilikuwa na watoto kama milioni tatu. Januari 1997 ikaanza UPE, elimu ya msingi bila ada kwa wote, wenyewe mliiita Bonna Basome, wote wasome. Mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia. Katika mwaka huohuo mmoja hesabu ikapita milioni tano.

Nilikuwepo. Siku ya kufungua shule watoto walikaa sakafuni, wakakaa madirishani, wakajaa chini ya mwembe. Kulikuwa na wavulana walioanza kuota ndevu wakiketi darasa la kwanza pamoja na wadogo zao, magoti yamepita dawati. Sikuwaona wakiona haya. Nilimwona mmoja akiishika penseli kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa yai la moto. Basi nawauliza ninyi mliosema juhudi ndiyo mama wa yote: watoto zaidi ya milioni mbili waliipata wapi juhudi kati ya Krismasi na Januari? Nani aliwahubiria katika wiki zile tatu? Wale watoto walikuwa na hamu tangu mwanzo, wakichungulia darasa kupitia ua. Kilichobadilika ni kwamba mzazi hakuulizwa tena ada mlangoni.

Na sasa niwape habari ya mwanafunzi wangu mmoja. Simtaji jina. Yuko mjini humu, na nimemwomba ruhusa ya kusema haya.

Alikuwa anachelewa. Siku za kawaida alifika na wenzake, ila siku za soko ilikuwa saa tatu, mara nyingine saa tatu na nusu. Na mimi nilimchapa. Nayasema haya mbele yenu kwa uchungu. Wakati ule fimbo ilikuwa ya kila siku, na sheria ya mwaka 2016 iliyokataza kuwachapa watoto mashuleni ilikuwa bado mbali, lakini mkono ulikuwa wangu. Nilimchapa viganja nikimwambia: jitahidi, binti, penye nia pana njia. Maneno hayohayo niliyoyasikia hapa leo kutoka kwa vijana wazuri, wenye nia njema, kama nilivyokuwa nayo mimi.

Siku moja mama yake aliugua, nikaenda kumjulia hali. Ndipo nikajua. Siku za soko binti yule aliamka saa kumi alfajiri. Alikwenda kisimani na jerikani mara mbili. Halafu alijitwisha ndizi au mahindi, akapita njia ya panya hadi upande wa Kenya kabla jua halijachomoza, akauza kwa mchuuzi, akarudi na sabuni na mafuta ya kupikia ya kibanda cha mama yake. Akaoga. Akawaandalia wadogo zake. Ndipo akaja shule. Alipofika mbele ya fimbo yangu alikuwa ameshafanya kazi ya mtu mzima kwa saa tano.

Kumbe penye nia palikuwa na njia, ndiyo, ila njia aliyoipata mtoto huyu ilikuwa ya panya. Juhudi ilisimama mbele yangu wiki baada ya wiki, na mimi mwalimu wake nikaiita uzembe.

Hesabu za kichwa hakuna aliyemfikia. Siku hizi shilingi moja ya Kenya ni kama 28 za kwetu. Wakati ule bei ilikuwa nyingine, lakini ukimtajia kiasi chochote alikugeuzia pesa kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Mwaka 2005 alifanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Nawakumbusha wageni kwamba kwetu alama ndogo ndiyo nzuri: 4 ndiyo kilele, 36 ndio mwisho, na daraja la kwanza linaishia 12. Yeye alipata 13. Mtoto aliyetembea njia ile, aliyesoma kwa kibatari, alikosa daraja la kwanza kwa alama moja.

Ada ya S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, ikamshinda mama yake. Wakasema akae nyumbani mwaka mmoja tu, wakusanye.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, darasa moja nyuma yake. Huyu nampenda na anajua, kwa hiyo nitasema ukweli: shule hakuipenda. Alipenda mpira. Alipita kwenye mtihani wa 2006 na alama 25. Na mwaka 2007 serikali ikaanza USE, sekondari bila ada kwa waliofanya mtihani mwaka 2006 wakapata 28 au pungufu. Kijana akaingia S1. Akamaliza S4, akaenda chuo cha ufundi, na leo ni fundi umeme, ana cheti, ana wateja, amemjengea mama yake nyumba ya matofali. Namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Dada naye alikwenda kuuliza. Akaambiwa mpango ni wa waliofanya mtihani 2006. Yeye alikuwa wa 2005.

Nyumba moja, mama mmoja, sahani moja, kisima kimoja. Aliyekuwa na juhudi zaidi alibaki nje, na aliyekuwa na juhudi kidogo aliingia, kwa kuwa yule wa kwanza alizaliwa mapema. Katika miaka yangu thelathini na moja sijapata jibu zuri kuliko hilo kwa swali lililoko ubaoni. Kila nikisikia mtu akisema "aliyeshindwa hakujitahidi", ninamwona yule binti amesimama nje ya geti, na alama 13 mkononi.

Nieleze ninavyoona mimi jambo lenyewe. Juhudi ya mtoto ni kama mafuta ya kibatari: ipo, lakini ina kipimo. Mtoto mmoja anaimimina yote kwenye ukurasa. Mwingine anaanza kuitumia kwenye maji, kwenye mzigo, kwenye kilomita za barabarani, kwenye njaa, na akifungua daftari usiku utambi unavuta moshi. Tukiwapima wote wawili kwa kurasa walizosoma, tutasema wa kwanza ndiye hodari.

Njaa ndiyo jambo linalonisumbua kuliko mengine yote, kwa hiyo mnivumilie nikae hapa kidogo.

Msemaji wa pili alimtaja Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, aliyecheza sataranji mpaka akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi za mchezo huo, Urusi mwaka 2010 na Istanbul mwaka 2012. Mfano mzuri. Umekumbuka alivyofika pale? Alikuwa ameacha shule kwa kukosa ada. Akamfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende aliwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Phiona aliufuata uji. Kipaji kilikuwa kimelala ndani yake, naye hakujua, na Katwe haikujua, mpaka mtu mzima mmoja alipokoroga sufuria.

Sisi sheria yetu ya elimu ya mwaka 2008 inasema chakula cha mtoto ni jukumu la mzazi. Pesa ambayo serikali huipa shule kwa ajili ya kila mtoto wa msingi imekuwa kama shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Igawanye kwa mihula mitatu, haifiki elfu saba, na humo mna chaki, mna karatasi za mitihani, mna bawaba ya mlango iliyong'oka. Kwa hiyo shule inawaomba wazazi walete mahindi na maharage. Aliyeleta, mwanawe anakula posho, yaani ugali, na maharage. Ambaye hakuleta?

Ambaye hakuleta, nitawaambia anafanya nini, maana nilimtazama kwa miaka. Kengele ya saa saba ikilia, anakwenda bombani. Anakunywa maji mengi, anakaza mkanda, halafu anatafuta mahali pa kukaa ambapo harufu ya maharage haifiki. Nilikuwa na mvulana aliyekuwa akijifanya anacheza peke yake nyuma ya vyoo ili wenzake wasijue. Alasiri namuuliza sehemu na desimali, ananitazama kama mtu aliye ndani ya maji. Mwishowe niliihamisha hisabati yote kuwa ya asubuhi. Mkaguzi aliniuliza kwa nini nimevunja ratiba. Nikamwambia watoto wangu wanakufa njaa saa nane, sitafundisha maiti. Alinyamaza, akaandika kitu, akaondoka. Ratiba ikabaki hivyo.

Mnisamehe kwa ukali wa maneno. Lakini ni nani kati yetu watu wazima anayeweza kukaa kutoka alfajiri hadi saa kumi na moja jioni bila kutia kitu mdomoni, siku tano za wiki, miaka saba, halafu akaambiwa ajitahidi?

Kuhusu kufungwa kwa shule wakati wa korona sitasema mengi, ninyi wenyewe mliyaishi. Zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na ingawa madarasa machache yaliitwa katikati, milango ilifunguliwa kwa wote tarehe 10 Januari 2022. Hakuna nchi duniani iliyofunga kwa muda mrefu kuliko sisi. Masomo yalitolewa redioni, kwenye televisheni na magazetini. Mtoto mwenye simu ya baba na mwalimu wa kuja nyumbani aliendelea. Wengine niliwakuta kwenye mashimo ya dhahabu ya Tiira, mikono ndani ya matope, na wengine Majanji, kando ya ziwa, wakianika mukene, yaani dagaa. Mabinti wengine walirudi wakiwa wajawazito au na watoto mgongoni, na serikali ikafanya vema kuwaruhusu warudi. Wengine hawakurudi kamwe. Niliita majina kwenye daftari la mahudhurio na ukimya ukajibu. Walikuwa watoto walewale wa Machi, wenye juhudi ileile. Ni sisi tuliofunga mlango, na kila mmoja akabaki na kile kilichokuwamo nyumbani kwao.

Sasa zamu ya upande wa kupinga, msije mkadhani nimewaunga mkono kwa kila neno. Mmesema: fungueni milango sawa, wote watafaulu. Haiwi hivyo. Nimeona vitabu vya serikali vikikaa kwenye maboksi ofisini miaka miwili kwa kuogopa kwamba watoto watavichana. Nimeona mwalimu akitia sahihi asubuhi na kwenda zake. Nimewafundisha watoto wa nyumba zenye kila kitu ambao hawakuwahi kufungua daftari bila kusukumwa, na wakaanguka. Mtoto asipotaka, hata umweke Makerere haitamsaidia.

Tena neno "sawa" mmelitumia kama vile maana yake ni kitu kilekile kwa kila mtu. Hapo ndipo ningependa mfikiri zaidi. Mtihani wa PLE ni mmoja kwa nchi nzima, karatasi ileile, saa ileile. Ni sawa? Shule za awali karibu zote ni za kulipia. Serikali haina chekechea za bure. Kwa hiyo mtoto mmoja anaingia darasa la kwanza akiwa ameimba herufi miaka mitatu, mwingine siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kushika penseli. Mmoja anasikia Kiingereza tangu chekechea. Mwingine anafundishwa kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, na ni vizuri, kisha darasa la nne anageuziwa lugha, na darasa la saba anaulizwa kuhusu maziwa na milima ya Afrika Mashariki kwa Kiingereza. Milima anaijua. Swali ndilo asilolielewa.

Wakubwa wetu walijaribu kurekebisha mambo huko juu. Makerere ilipoanza mwaka 1922 ilikuwa na wavulana kumi na wanne, na wasichana wa kwanza waliingia mwaka 1945, wakiwa sita. Mwaka 1990 wasichana wakaanza kuongezewa pointi moja na nusu katika kuchaguliwa, na idadi yao chuoni ikapanda mwaka hadi mwaka. Kulikuwa na kelele nyingi, kwamba wanapendelewa. Mimi nilikuwa nawajua wasichana waliokuwa wakichota maji wakati kaka zao wanasoma, na sikuona upendeleo. Halafu mwaka 2005 ukaja mgawo wa wilaya. Kati ya nafasi 4,000 ambazo serikali huzilipia vyuo vikuu vya umma, 896 zikatengwa kwa wilaya, 64 kwa wenye ulemavu na 40 kwa wanamichezo. Nia ni nzuri. Ila tunajua jinsi inavyopindishwa: mtoto aliyesoma maisha yake yote katika shule ghali za Kampala na Wakiso anakumbuka ghafla kwamba babu yake ni wa Busia, na anachukua nafasi ya Busia. Anayechimba Tiira hata habari ya mgawo hajaisikia. Na Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, mwaka uleule wa USE, kiko hapohapo jirani na mashimo. Ukimngoja mtoto kwenye geti la chuo kikuu ndipo umsawazishie njia, wengi hawatafika huko kuupokea msaada wako.

Mfano ninaoupenda unatoka Karamoja, nchi ya wafugaji kaskazini-mashariki mwa Uganda. Wazee wa huko wanasimulia kwamba enzi za Mwingereza kalamu ililaaniwa na kuzikwa kwa tambiko, maana ndiyo iliyoandika watu kwenye vitabu vya kodi na kuwachukua vijana kwenda vitani. Mwaka 1995 ikafukuliwa kwa tambiko lingine. Miaka mitatu baadaye ukaanza mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wa wafugaji, ulioitwa ABEK. Mwalimu alihamia kwenye maboma yenyewe. Masomo yalikuwa alfajiri kabla ya ng'ombe kwenda malishoni, na jioni wakirudi. Hakuna aliyemwambia mtoto wa Kikaramojong ajitahidi kufika saa mbili kamili akaache ng'ombe wa baba yake. Shule ilisogeza saa zake. Nilipopata habari hizo nilimkumbuka binti wangu wa soko nikakaa kimya muda mrefu, kwa sababu mimi pia ningeweza kusogeza. Siku mbili za wiki, saa moja na nusu. Haikuwa pesa. Haikuhitaji ruhusa ya Kampala. Sikuwaza.

Basi nina ombi kwa walimu wenzangu waliopo hapa, na naliomba kama mtu anayedaiwa. Siku za soko, vipindi viwili vya kwanza viwe vya marudio. Anayewahi anaimarisha alichokijua, anayechelewa hakosi somo jipya. Na anayechelewa aulizwe kwanza alitoka wapi.

Ninyi wazazi, juhudi ya watoto wenu mmeiona leo hapa. Kijana wa kwanza amekariri takwimu za ukurasa mzima. Huyu wa mwisho amekuja kwa miguu kutoka upande wa Masafu na viatu kavishika mkononi visichafuke. Juhudi hii hatukuwapa sisi, wamekuja nayo. Kinachotoka kwetu ni vitu vingine: sufuria, saa ya kuingia, pedi za binti ili asikae nyumbani siku nne kila mwezi, taa, na mtu wa kuuliza kwenye ofisi ya wilaya kwa nini nafasi za Busia zimekwenda kwa watu wasioijua njia ya kuja Busia.

Alama sasa. Mdahalo hupimwa kwa ufundi wa kusema, na upande wa kuunga mkono umesema kwa ufundi zaidi. Nimewapa ushindi, tofauti ni alama mbili. Hoja yao siikubali na nimewaambia kwa nini, lakini ushindi wameupata kwa haki, tuwapigie makofi.

Wazazi, msiondoke bado. Mavuno ya mahindi yameingia. Mwalimu mkuu ameweka daftari la chakula kwenye meza ile karibu na mlango. Lina safu mbili: ya kwanza ni kilo za mtoto wako, ya pili ni kilo za mtoto ambaye mzazi wake hataweza muhula huu. Majina ya watakaolishwa kwa safu ya pili hayatasomwa popote, tumekubaliana na mwalimu mkuu. Yule dada niliyewasimulia alipita hapa saa moja asubuhi kabla hajafungua kibanda, kwa hiyo ukurasa wa kwanza umeshaanzwa: kilo ishirini za mahindi na tano za maharage, zote katika safu ya pili. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza.